Pumzi ipo, miguu haitaki: maswali ya wanaoanza mbio ndefu

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii ni ya watu wanaoanza kukimbia, na karibu yote yanaishia miguuni. Nimechukua haya.

Kocha, shikamoo. Zamani nilicheza mpira, sasa nimeanza kukimbia. Pumzi ninayo, ila nikifika dakika ya 15 miguu inakuwa mizito kama magogo. Nina tatizo gani? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba, kijana. Huna ugonjwa, una haraka. Moyo na mapafu huitikia mazoezi mapema. Baada ya wiki chache tu unajisikia mwepesi kifuani. Misuli inafuata nyuma. Kano, yaani zile kamba ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mfupa, zinapata damu kidogo na hukomaa taratibu sana, na mfupa nao unahitaji miezi kadhaa kujiimarisha. Ndiyo maana pumzi inakwambia twende wakati miguu haijawa tayari.

Halafu mpira umekuzoesha kuchomoka, kusimama, kuchomoka tena. Mbio ndefu zinataka kitu kingine. Ukikimbia polepole kwa muda mrefu, vishipa vidogo vya damu huongezeka ndani ya misuli, na misuli inajifunza kuchoma mafuta badala ya kumaliza akiba yake ya sukari mapema. Ukienda mbio mbio kila siku, unachoka kabla kazi hiyo haijafanyika vya kutosha.

Polepole ni kiasi gani? Nenda ukaangalie vikundi vya jogging vya mitaa ya Dar es Salaam alfajiri ya Jumapili. Mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, na hatua zinatua pamoja kwenye lami. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko saa yoyote ya mkononi: ukishindwa kuitikia, umezidisha kasi. Anza na dakika 2 za kukimbia na 1 ya kutembea, urudie mpaka itimie nusu saa, mara tatu kwa wiki, na usifuatanishe siku. Kila wiki ongeza dakika moja ya kukimbia, ile ya kutembea ibaki palepale. Wengi, wakishatulia hivyo kwa miezi miwili au mitatu, wanakimbia nusu saa bila kusimama. Na kutembea katikati ya mazoezi si aibu hata kidogo, usimsikilize anayekucheka barabarani.

Naumwa ugoko, upande wa ndani. Nakimbia kila siku kwenye lami. Niendelee tu au nipumzike? (Msomaji, Mwanza)

Kaa chini, pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kuanzia juu ya kifundo kupanda. Kama maumivu yametapakaa sehemu ndefu, karibu shibiri nzima, na yanapungua mwili ukishapata joto, huenda umeuzidishia mfupa mzigo. Acha kukimbia mpaka uweze kutembea na kurukaruka bila maumivu. Wakati huo endesha baiskeli au ogelea, kisha rudi kwa siku tatu za wiki, ikiwezekana kwenye barabara ya vumbi iliyo sawa.

Lakini kama kidole kinagusa sehemu moja ndogo, kama ya sarafu, na hapo unaruka kwa maumivu, au mguu unauma hata ukitembea na usiku ukiwa kitandani, simama kabisa na uende hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu limewaponza wengi: ufa wa namna hiyo, ukiwa mpya, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Picha ikitoka safi na maumivu bado yapo palepale, usirudi barabarani. Rudi kwa daktari. Wala usimeze dawa ya maumivu ili upate kukimbia.

Sina hela ya gym. Kuna zoezi la nyumbani la kuimarisha miguu? (Msomaji, Dodoma)

Ngazi moja inatosha. Simama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia, mkono ukiwa ukutani. Panda juu ya vidole, kisha shuka ukihesabu mpaka tatu. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga, usijiachie ukaanguka. Anza na mara 12 kwa miguu yote miwili, baadaye mguu mmoja mmoja. Ukifika mara 25 kwa mguu mmoja bila kuyumba, umefika pazuri. Kisha fanya duru nyingine ukiwa umekunja magoti kidogo: hapo unaufikia msuli wa ndani, chini ya shavu la mguu, ambao mtu akikimbia hubeba mzigo wa mara kadhaa ya uzito wake. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka. Siku mbili kwa wiki zinatosha.

Nimejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro. Nakimbia tambarare tu. Milima itanimaliza? (Msomaji, Morogoro)

Njia ile inapanda kuelekea Mweka, kisha inateremka kurudi Moshi mjini. Wageni wote wanaogopa kupanda. Mimi nakuonya kuhusu kushuka. Kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki huku ikinyooshwa, na hapo ndipo nyuzi zake huumia. Mtu anafika juu akiwa mzima, anajiachia, na kilomita za mwisho mapaja yanatetemeka. Morogoro mnao Uluguru: mara moja kwa wiki tafuta mteremko wa wastani, panda polepole, shuka kwa hatua fupi za haraka. Mara ya kwanza mapaja yatauma siku mbili tatu. Mara ya tatu utashangaa yalivyozoea. Acha milima wiki mbili kabla ya mbio.

Nina miaka 19, nataka kuwa kama Simbu. Niongeze kilomita ngapi kila wiki? (Msomaji, Singida)

Usiongeze kila wiki. Panda kidogo kwa wiki tatu, ya nne punguza, ndipo upande tena. Alphonce Simbu alichukua shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu aliipata Tokyo mwaka 2025. Miaka minane ilipita katikati, na alikuwa tayari bingwa wa kuogopwa.

Nina miaka 56. Wanangu wananiambia nikikimbia magoti yatasagika. Ni kweli? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Wanao wanakupenda, ila tafiti hazijaonyesha kwamba wanaokimbia kwa afya wanasagika magoti kuliko wasiokimbia. Pima presha na sukari kwanza, na kama una maumivu ya kifua au goti lililowahi kuumia, mwambie daktari. Kisha tembea kwa haraka nusu saa, siku nne kwa wiki, mwezi mzima, kabla ya kukimbia hata dakika moja. Goti likiuma kidogo na likatulia kufikia kesho yake, endelea. Likivimba, au ukashindwa kushuka ngazi asubuhi, pumzika, na zoezi linalofuata likate nusu.