Nilivyobadilisha Sura ya Tangi Samaki Wakiwa Ndani

Mara ya kwanza nilipochoshwa na sura ya tangi langu la samaki, nilimaliza kazi yote Jumamosi moja. Niling'oa mimea, nikachota mchanga kwa kikombe, nikamwaga mpya, nikajaza maji ya mfereji. Kufikia magharibi lilikuwa linapendeza ajabu. Asubuhi binti yangu akaniita: "Baba, mbona samaki wote wako juu?" Walikuwa wanahema, midomo nje ya maji. Kati ya samaki 12 wadogo aina ya gapi, nilizika 7 chini ya mwembe.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kinyesi na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo bado sumu, kisha nitrati, ambayo samaki huistahimili na mimea huila. Bakteria hao hukaa kwenye filta na mchangani. Mimi nilitupa mchanga, nikaosha filta siku hiyo hiyo kwa maji yenye klorini, na juu ya hayo nikatibua tope la miaka miwili.

Mwaka jana nilirudia, lakini kwa mwendo wa kobe. Tangi ni la lita 120. Nililigawa robo nne kwa macho tu, nikawa nashika robo moja kila baada ya wiki mbili. Filta sikuigusa kabisa.

Kazi yenyewe iko mikononi. Usivute mmea ukatoka na bonge lake la matope. Ingiza mkasi mchangani, zunguka shina ukikata mizizi, kisha vuta taratibu huku mkono wa pili umeshika mdomo wa mpira wa kunyonya maji pale pale kwenye shimo. Tope likifoka linaingia mpirani na kuishia kwenye ndoo. Mchanga wa zamani nao niliutoa kwa mpira huo huo. Ndoo mbili za lita 15 zikijaa, kazi ya siku imekwisha hata kama robo haijakwisha. Ukikuta mchanga mweusi unaonuka yai viza, chukua kidogo kidogo zaidi.

Kurudisha mchanga bila kuchafua maji kulinisumbua mpaka nilipokata kitako cha chupa ya soda ya lita 2. Mdomo wa chupa unagusa chini, unamimina mchanga uliooshwa kwa juu, unateremka kimya kimya. Maji mapya yalilala kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Hita hapa Kisumu sina haja nayo.

Mawe nilitoa upande wa Seme, granaiti ya kawaida tu ya kando ya njia (Kit Mikayi yenyewe, lile rundo maarufu la mawe makubwa, iache, pale ni patakatifu). Jiwe usilolijua lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa na litabadilisha maji. Mimea aina ya Anubias niliifunga juu ya mawe kwa uzi, kwa sababu shina lake nene likizikwa linaoza. Cryptocoryne, mmea mwingine wa majini, ukiihamisha majani yake yatayeyuka kama mchicha uliochemka. Usiitupe, mizizi ikiwa hai, itachipua.

Jirani alinishauri nichote magugu ziwani, ya bure. Nilikataa. Yanakuja na konokono, na wengine wao hubeba kichocho, nami huingiza mikono humo kila wiki.

Siku ya kazi sikuwalisha, na kesho yake nikawapa chakula kiduchu. Nilipima amonia kwa matone ya dawa ya kupimia maji kila asubuhi kwa siku tatu. Mara moja tu ilionekana, nikabadilisha ndoo mbili za maji.

Robo ya nne bado ni ya zamani. Corydoras wangu wawili, samaki wanaoishi chini ya tangi, wanalala chini ya kichaka kile, na kila Jumapili ninayopanga kukikata napata shughuli nyingine.