Usitume hiyo hela Ijumaa, nunua nakala MOJA kwanza

Mdau wa Tabora simamisha hiyo hela. Umeandika mmejichanga watu 12 hapo mjini, mmechagua riwaya ya Kiingereza The Mission Song ya John le Carré kwa sababu umekesha ukisoma maoni ya wasomaji mtandaoni na wengi wanaisifu kwamba ni ya kijasusi kali, na Ijumaa unamtumia mtu wa Dar hela ya nakala zote 12. Ukauliza Kiingereza chake kigumu kiasi gani, kama bora muanze na vitabu vyake vya zamani, inafaa vijana wa form six au la, na mzigo uje kwa treni au basi. Nimeisoma post yako mara mbili mpaka tumbo limenikaza, maana mimi nimepita humo humo hapa Kigoma, kitabu hicho hicho, kwa kuamini maoni hayo hayo, na niliumia vibaya.

Sisi tulikuwa 10. Tulikuwa tunakutana mtaa wa Mwanga Jumamosi jioni nyuma ya duka la jamaa yetu anayeuza vifaa vya umeme, walimu wawili, nesi mmoja, vijana wa bandarini, na mama mmoja mfanyabiashara anayevusha mzigo kwenda Uvira, Kongo, na kurudi. Riwaya za Kiswahili za wapelelezi tulishazimaliza zote zilizokuwa zinazunguka mjini, zingine hazina hata jalada, tukasema sasa tujaribu ya Kizungu. Mimi ndio nilikuwa mhazini na ndio niliyepewa kazi ya kuchagua.

Sasa nilichaguaje? Kulikuwa na jamaa mmoja kwenye grupu la vitabu la WhatsApp, anajiita mchambuzi, watu wanamsikiliza kweli kweli, akaandika kwamba kitabu hiki ni risasi kila ukurasa, ukikishika hulali mpaka asubuhi. Nikaenda mtandaoni nikakuta nyota nne, nyota tano, watu wa Uingereza na Marekani wanasifia. Nikajaa mzima mzima. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Jumamosi nikasimama mbele ya wenzangu nikarudia maneno ya yule jamaa kama yangu, risasi kila ukurasa, na nikaongeza neno ambalo sikutumwa na mtu: asiyeridhika namrudishia hela yake mwenyewe mfukoni.

Elfu 38 kwa nakala, mara kumi, laki tatu na themanini. Boksi likaja na basi, tukafungua kwa shangwe, kila mtu akaondoka na chake.

Wiki mbili baadaye tukakaa kikao, aisee. Walimu wamefika ukurasa wa 40, vijana wa bandarini wameishia wa 20, na wote wana swali moja tu, risasi ziko wapi? Maana kitabu kinaanza na jamaa anaeleza yeye ni nani. Anaitwa Bruno Salvador, wanamuita Salvo, baba yake mmisionari wa Kikatoliki kutoka Ireland, mama yake Mkongo binti wa mkuu wa kijiji, kalelewa huko Kivu, mashariki ya Kongo, sasa anaishi London, kazi yake ni ukalimani. Anaongea kuhusu lugha zake kama mtu anavyoongelea watoto wake. Halafu kuna mambo ya ndoa yake na mke mwandishi wa habari ambaye humuoni kama anampenda, halafu hospitali, anakutana na nesi Mkongo anaitwa Hannah. Mtu uliyemwahidi bastola unampa mkalimani mwenye ndoa mbovu, atakuelewa kweli?

Nakala saba zikarudi mezani siku hiyo hiyo. Mara elfu 38 ni laki mbili sitini na sita elfu, nimezilipa kwa miezi minne kutoka kwenye posho yangu ya bandarini, wakati huo mtoto anaingia form one. Na hela hata siyo iliyoniuma zaidi. Yule mama wa Uvira alirudisha kitabu kwa heshima zote, akasema "mwanangu, mimi nina mzigo na watoto, usinipotezee tena Jumamosi zangu", na hakurudi kwenye grupu tena. Huyo ndiye alikuwa anatufanya tucheke, ndiye aliyekuwa analeta hoja ambazo walimu hawana. Tulibaki tunatazamana, na miezi michache mbele grupu likafa.

Nikamfuata yule mchambuzi inbox. Nikamuuliza kwa upole, kaka kitabu umekisoma? Akaanza kuzunguka, mara nimekipitia, mara inategemea na msomaji. Nikamuuliza mhusika mkuu anaitwa nani na anafanya kazi gani. Kimya. Baadaye akakiri huwa anakusanya maoni ya watu wa nje anayaweka kwa Kiswahili, na hilo la risasi kaliongeza ili watu wapende. Nikamwambia kuna watu kumi hapa Kigoma wametoa hela kwa sentensi yako. Akanibloku. Mpaka leo yupo, anachambua vitabu vitatu kwa wiki, hata mwanafunzi wa sheria hasomi kasi hiyo. Watu kama hawa ndio wanaua usomaji nchi hii, halafu tunaambiwa Watanzania hawapendi kusoma!

Sasa sikiliza sehemu ambayo ndiyo imenifanya niandike gazeti lote hili. Masika yaliyofuata nilikwama siku mbili Kibirizi nasubiri boti, ziwa limechafuka, nikawa na nakala moja kwenye begi. Nikaanza kusoma kwa sababu ya kukosa la kufanya. Kitabu ni KIZURI. Ni kizuri sana, ila siyo kile nilichokiuza mimi.

Salvo anachukuliwa na wakubwa wa usalama wa Uingereza, anapelekwa kwa siri kwenye kisiwa kisichotajwa jina huko Bahari ya Kaskazini, kuna mkutano. Kuna wazungu wenye hela zao na askari wa kukodi, kuna wakubwa wa Kivu, mmoja wa Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, mmoja wa wanamgambo wa Mai Mai, na kijana mmoja anaitwa Haj, mtoto wa mfanyabiashara wa Bukavu, msomi wa Ufaransa, mdomo kama kasuku lakini akili inakata. Kuna na mzee wanamuita Mwangaza ambaye ndiye anaandaliwa kuja kuwa mkombozi. Salvo anaambiwa mezani aonyeshe kwamba anajua lugha chache tu, Kiswahili, Kifaransa, zile nyingine azifiche. Wakipumzika, wajumbe wakitoka nje kunong'ona kwa lugha za kwao wakidhani hakuna anayewaelewa, yeye anakimbilia chini kwenye chumba cha mitambo, anavaa hedifoni, vyumba vyote vimetegwa maiki, na anatafsiri wanachonong'ona. Halafu anapanda tena juu anakaa mezani na uso wa mtu asiyejua kitu. Anasikia yote. Na kuna wakati anasikia kitu ambacho hakutakiwa asikie, na kuanzia hapo sikuweza kulala, nilisoma kwa tochi ya simu mpaka chaji ikaisha.

Hakuna risasi kila ukurasa. Kuna mtu anasikiliza kupitia ukuta, na inatisha kuliko risasi.

Na nikakaa pale Kibirizi nikalia kimoyomoyo, kwa sababu nilijua ningewauziaje wenzangu. Yule nesi wetu kila siku ya Mungu anasimama kati ya daktari na mama anayeongea Kirundi tu, anajua siri za nusu ya wilaya na haruhusiwi kusema neno. Vijana wa bandarini wanatafsiri bei kati ya Mkongo na Mrundi na wanajua nani anamdanganya nani. Na yule mama! Yule mama amekaa meza moja na wafanyabiashara wa Bukavu miaka yote, Haj angemjua kwa sentensi ya kwanza, angetuambia hapa mwandishi kapatia hapa kakosea. Kitabu kizima kilikuwa cha kwake, na mimi nikampa ahadi ya bastola.

Hata huo mpango wa watu kukaa mbali kupanga nani atawale upande wa pili wa ziwa, nani anauona hadithi hapa Kigoma? 1965 Che Guevara alivuka ziwa akitokea huku huku kwenda kupigana Kongo, akajiita Tatu, akapewa kijana wa Kikongo wa kumtafsiria na kumfundisha Kiswahili, na Novemba akarudi kwa ziwa hilo hilo mambo yameharibika. Hao wanaovuka tangu vita ya Kongo ya 1996 tumesoma nao, tumeoana nao, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo hapo Kasulu. Kitabu kimetoka 2006, mwaka ule ule Kongo wanapiga kura, tulikuwa tunasikiliza redio kila usiku.

Ndio maana nakwambia hizo nyota hazikujui wewe. Nilirudi kusoma yale maoni baada ya kumaliza kitabu nikashangaa. Mmoja katoa nyota mbili kwa sababu makabila na majina ni mengi, anachanganyikiwa. Majina hayo sisi ni majirani zetu! Mwingine katoa tano kwa sababu anampenda mwandishi tangu ujana wake, huyo angetoa tano hata kwa daftari la mahudhurio. Na mwingine, Mungu amsamehe, kaandika mwisho wote mpaka kinachompata Salvo na Hannah, bila onyo. Mimi niliusoma huo kabla, usiku ule wa kuchagua, kwa hiyo nilifika kurasa za mwisho nikiwa najua. Kuna jambo moja kule mwisho ambalo lilitakiwa linipige kifuani, likanipita kama tangazo la redio. Hilo halirudi. Nakuomba kama umeshaliona usiwaambie wenzako, na kama hujaliona FUNGA hiyo kurasa sasa hivi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu: kurasa 50 kwa macho yako mwenyewe, kabla ya maoni ya mtu yeyote, kabla ya kukusanya hata elfu moja ya mtu. Nakala moja inatosha, ninyi wawili watatu mnaoaminiana mpokezane. Ukifika ya 50 waambie wenzako kwa maneno yako kitabu kinahusu nini, usiwaambie ni kizuri, waambie kinahusu nini, halafu uone mikono mingapi inanyooka. Ikinyooka minne nunua minne.

Kiingereza kina ugumu wake, huyo Salvo anapenda sentensi ndefu na utani wa Kiingereza, vijana wangu walikwama huko zaidi ya kwenye hadithi yenyewe. Vitabu vya zamani, kile cha 1963, The Spy Who Came in from the Cold, ndicho kilimpa jina, mwandishi mwenyewe alifanya kazi usalama wa Uingereza kwa hiyo anajua anachosema, ila kile ni mambo ya Berlin na ukuta, mimi ningeanza na hiki cha upande wetu huu. Uliuliza na mengine nadhani, nimepoteza mstari.

Halafu usitume hela Dar. Zile nakala saba zilizorudi nimezikalia mpaka leo, ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Moja nakupa bure, lipia kuisafirisha tu, niandikie nikuwekee jina juu. Usizitegemee zote lakini, zimebaki sita, moja wiki iliyopita nimempelekea yule mama dukani kwake Jumanne asubuhi. Nilimwambia mama hiki kinahusu mkalimani na wafanyabiashara wa Bukavu, hakina risasi. Akakiweka chini ya mizani akaendelea kupima dagaa. Jana nimepita, hakipo tena chini ya mizani, na sikuthubutu kuuliza.