Sonona, chips mayai na dagaa wa Kigoma

Dada mmoja kaniandikia inboksi: "Siku hizi unang'aa, unatumia nini?" Nimecheka, halafu nikanuna. Mwaka ule nilipokuwa nashindwa hata kuoga, hakuna aliyeuliza natumia nini. Shangazi alisema nadeka. Bosi aliniita mvivu mbele ya wenzangu, na mpaka leo hajaniomba radhi.

Basi najibu. Nilianza kwa daktari, si jikoni. Vipimo vikaonyesha damu imepungua, na maelezo yangu yakamtosha kusema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Akaniandikia dawa, kisha akataka nimtajie ninachokula kutwa nzima. Asubuhi chai ya rangi, sukari ya kutosha, na maandazi. Mchana chips mayai na soda. Saa kumi kinywaji cha kuongeza nguvu, maana macho yanajifunga. Usiku sili, silali. Kwenye faili akapigia mstari chai na kile kinywaji. Kumbe chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma, yale ya kutengeneza damu, ambayo mwili ungeyapata kwenye mboga na maharage. Na kafeini, ile ya kuchangamsha iliyomo kwenye kinywaji changu cha saa kumi, karibu nusu yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Halafu nalalamika sipati usingizi!

Nikahamia kwenye uji wa ulezi wenye karanga, maharage, matembele, na dagaa. Dagaa wa Kigoma wachambue, uwakaange wakauke hadi walie kwenye sufuria, ndipo uweke kitunguu, nyanya na pilipili hoho. Malizia kwa limao, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma.

Kilichoondoka kwanza ni hasira, huzuni ilichelewa. Nilikuwa mtu wa kumfokea konda kwa chenji ya mia. Siku moja akanizidishia nauli, nikamwambia taratibu, akarudisha. Nilishuka najishangaa.

Msidhani ni mambo ya bibi tu. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona, wengi wao tayari wakiwa kwenye matibabu. Kundi moja lilibadilishiwa mlo kwa wiki 12: mboga, kunde, samaki, karanga, nafaka isiyokobolewa. Karibu theluthi yao dalili zilipungua hadi wakahesabiwa wamepona. Waliopewa mtu wa kupiga naye stori tu, asilimia 8. Jaribio ni dogo, nakubali, ila mimi limenigusa.

Kwa hiyo jamani, tuache kujifanya hatuna hela. Fungu la matembele sokoni kwetu halifiki bei ya soda. Kuleni asubuhi. Kuleni mboga. Chai mnywe, nani atamkataza Mswahili chai, ila iacheni mbali na sahani. Na anayewaambia mtupe vidonge kwa sababu mmeanza kula dagaa, mkimbieni. Vyangu alinipunguzia daktari mwenyewe, polepole, na bado namwona.