Kabla hujagusa mfumo wa zamani wa PHP, uchanganue kwanza

Kwa sisi tunaotengeneza mifumo ya kompyuta hapa Mtwara, mwezi wa nane ndio mwezi wa simu. Korosho bado ziko mitini, lakini vyama vya msingi vinaanza kukumbuka kwamba vina kompyuta. Printa haitoi, nywila imesahaulika, laptopu ya mhasibu imeingia maji. Mwaka juzi nilipigiwa simu ya aina nyingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Hawa jamaa wa seva wametuandikia kwamba mfumo wetu unazimwa mwisho wa mwezi wa tisa. Sasa korosho zikianza kuingia tutaandika wapi? Turudi kwenye madaftari?"

Alikuwa katibu wa chama kimoja cha wakulima huko juu kwenye uwanda wa Makonde. Mfumo wao niliujua kwa sifa zake: PHP (lugha ya kuandikia mifumo ya wavuti) ya kale, faili mia na ushee, umeandikwa na kijana ambaye alishahamia Dar na namba yake haipatikani. Ndani yake mna kilo za kila mkulima, daraja la korosho, makato na malipo. Chini ya stakabadhi ghalani, utaratibu wa kuuza kupitia ghala na mnada ulioanza mwaka 2007, mkulima akishapima haondoki na fedha mkononi. Anaacha mzigo, anasubiri mnada, halafu anasubiri benki. Muda wote huo alichonacho ni karatasi iliyotoka kwenye mfumo ule. Nikikosea hesabu, kuna mzee atakosa ada ya mjukuu wake mwezi wa kwanza.

Ugonjwa wenyewe unajulikana: seva zinahamia PHP mpya, na mpya haizijui amri za zamani. Fanksheni (amri zenye majina) zote zinazoanza na mysql_, zile za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati katika PHP 5.5, mwaka 2013, na PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015 zikawa zimeondolewa kabisa. Mrithi wa karibu ni mysqli_. Ongeza herufi moja tu, i, mambo yaishe. Ndivyo nilivyodhani.

Nikachukua nakala ya mfumo, nikafungua kihariri, nikatafuta `mysql_query(` na kuweka `mysqli_query($conn, ` mahali pote kwa mkupuo. Dakika mbili. Nikaagiza ming'oko na chai, nikajiona fundi.

Kilichofuata ni vilio vya mashine kila ukurasa. Ile fanksheni ya zamani inapokea swali la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kwanza, halafu kiungo cha hifadhidata ukipenda. Mpya inataka kiungo kwanza, na ni lazima. Kijana yule alikuwa mahali pengine ameandika `mysql_query($sql)` na kwingine `mysql_query($sql, $conn)`. Ile ya pili ikageuka kuwa `mysqli_query($conn, $sql, $conn)`, na kwenye nafasi ya tatu PHP inatarajia namba, si kiungo. Ndani ya fanksheni zake nyingine `$conn` (kigeu, yaani jina linalobeba kiungo hicho) haikuonekana kabisa, kwa sababu kigeu cha nje hakiingii ndani ya fanksheni bila kuitwa. Na alikuwa na fanksheni yake mwenyewe inayoitwa `salama_mysql_query`, ambayo nayo niliiparua.

Nikafuta nakala, nikaanza upya. Safari hii nilitumia parsa.

Kama ulisoma Kiswahili sekondari, parsa unaijua tayari, ila hukuambiwa ndiyo hiyo. Unakumbuka uchanganuzi wa sentensi kwa njia ya matawi? "Mama anabangua korosho." Juu unaandika S, unaigawa KN na KT, chini ya KT unapata T na kundi nomino jingine, mpaka kila neno linakaa kwenye tawi lake. Mwalimu hakukuuliza neno "korosho" limetokea mara ngapi ubaoni. Alikuuliza linafanya kazi gani ndani ya sentensi. Tafuta-na-badilisha inaona herufi. Parsa inaona tawi.

Kwa PHP, maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) ya kuchukua ni PHP-Parser, kazi iliyoanzishwa na Nikita Popov, mmoja wa watu waliochangia sana lugha ya PHP yenyewe. PHPStan na Rector, zana mbili maarufu za kukagua na kurekebisha msimbo, zimejengwa juu yake. Imeandikwa kwa PHP tupu na haivuti vifurushi vingine nyuma yake. Kwa sisi wa bando hilo si jambo dogo: `composer require nikic/php-parser` mara moja (Composer ni zana ya kupakua maktaba za PHP), halafu folda ya `vendor` unaibeba kwenye flashi. Toleo la 5 linahitaji PHP 7.4 au zaidi kwenye mashine yako. Msimbo unaousoma unaweza kuwa wa zamani kuliko hapo, maana parsa haiuendeshi, inausoma tu. (Toleo hilo linaisoma PHP 5 kwa sehemu, likigoma kabisa kwenye faili fulani, jaribu toleo la 4.)

Mpe mstari `mysql_query($sql, $conn)` naye anakurudishia mti. Nimeupunguza ili usome vizuri:

```
Expr_FuncCall(
  name: Name(name: mysql_query)
  args: array(
    0: Arg(value: Expr_Variable(name: sql))
    1: Arg(value: Expr_Variable(name: conn))
  )
)
```

Tazama `args`. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipokuwa limejificha. Kwenye mti, vigezo (vitu ambavyo fanksheni inapewa ndani ya mabano) viwili na kigezo kimoja ni vitu viwili tofauti, huhitaji kukisia kwa kuhesabu mabano na mikato.

Sasa ushauri wangu mkubwa, na kama una haraka ishia hapa: siku ya kwanza usibadilishe chochote. Andika skripti inayosoma tu. Moyo wa skripti yangu ulikuwa huu:

```php
class Mkaguzi extends NodeVisitorAbstract {
    public array $orodha = [];

    public function enterNode(Node $n) {
        if ($n instanceof Node\Expr\FuncCall
            && $n->name instanceof Node\Name) {
            $jina = $n->name->toLowerString();
            if (strpos($jina, 'mysql_') === 0) {
                $this->orodha[] =
                    [$jina, $n->getStartLine(), count($n->args)];
            }
        }
        return null;
    }
}
```

Darasa hilo unalikabidhi kwa `NodeTraverser`, nayo inatembea nodi hadi nodi, yaani tawi hadi tawi. Mambo mawili humo yana sababu. `toLowerString` ipo kwa kuwa PHP haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya fanksheni, na kijana wetu kuna siku alikuwa na furaha akaandika `MySQL_Query`. Sharti la `Node\Name` lipo kwa kuwa jina la fanksheni linaweza kuwa kigeu, kama `$f($sql)`, na hapo hakuna jina la kusoma. Hao niliwaandika kwenye orodha yao ya pembeni, niwaangalie kwa macho.

Skripti ikatoa jedwali: faili gani, mstari gani, fanksheni gani, vigezo vingapi. Kwa mara ya kwanza niliuona mfumo mzima kwenye ukurasa mmoja. Niligundua faili tatu za malipo, moja ikiitwa `malipo2_mpya_final.php`, na ni ile isiyo na neno "final" iliyokuwa ikitumika. Zaidi ya faili ishirini zilikuwa safi kabisa, hazina hata mysql_ moja. Nikafurahi. Nikamwambia katibu kazi ni ndogo kuliko nilivyofikiri.

Hapo niliteleza vibaya.

Siku ya majaribio nilikwenda na laptopu mpaka ofisini kwao. Mama mhasibu, mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba, akafungua ukurasa wa makato. Akanyamaza. Akainama karibu na kioo.

"Mwanangu, mbona hii inaniletea maandishi ya Kiingereza? Makato yako wapi?"

Ukurasa mzima ulikuwa umejaa msimbo. Mabano ya mshale, `SELECT`, kila kitu kimeanikwa kama dagaa. Faili ile haikuanza na `<?php`. Ilianza na `<?` tupu, mtindo wa zamani, na kwenye mashine yangu mpangilio wa `short_open_tag` ulikuwa umezimwa. PHP iliichukulia faili nzima kuwa HTML, yaani maandishi ya kuonyeshwa tu, ikaimwaga ilivyo.

Na parsa? Parsa ilifanya vilevile. PHP-Parser hukata maneno kwa kutumia mkataji wa PHP yenyewe, kwa hiyo inafuata mpangilio uleule. Kwake faili ya makato ilikuwa nodi moja tu, `Stmt_InlineHTML`, yenye maandishi marefu ndani. Haikulalamika, maana kisheria hapakuwa na kosa. Zile faili "safi" zaidi ya ishirini, nyingi zilikuwa hivyo. Nilisoma sifuri nikadhani ni afya, kumbe mgonjwa hakupimwa.

Dawa ni fupi: endesha kwa `php -d short_open_tag=1 kagua.php`. Kuiwasha kwa `ini_set` ndani ya skripti hakusaidii, mpangilio huo haubadilishiki hapo. Nikaongeza pia ukaguzi mdogo: faili yoyote ambayo ndani ya `InlineHTML` yake mna `<?`, ipige kelele. Tangu siku hiyo kila ripoti yangu ina safu ya idadi ya nodi zilizosomwa. Faili ya mistari mia nne yenye nodi moja, najua kuna jambo.

Baada ya hapo kubadilisha kulikuwa kwepesi, karibu kunachosha. Badala ya kuhangaika na `$conn` ndani ya kila fanksheni, niliandika fanksheni moja `db()` inayofungua kiungo mara moja na kukirudisha kila ikiitwa, halafu nikaiagiza skripti iweke `db()` mbele kwenye zile zinazodai kiungo. Si zote. `mysqli_fetch_array` inataka matokeo tu. `mysqli_error`, `mysqli_insert_id` na `mysqli_real_escape_string` zinataka kiungo. Chora jedwali lako mwenyewe kutoka kwenye mwongozo wa PHP kabla hujaandika mstari hata mmoja. `mysql_result` haina mwenzake upande wa pili, hizo nilizifanya kwa mkono.

Angalizo la uchapishaji: ukimwambia parsa aandike mti upya kwa njia ya kawaida, atakupangia faili nzima kwa mtindo wake. Mstari mmoja umebadilika, lakini ukilinganisha na nakala ya jana unaonekana umebadilisha mia tatu, na hakuna atakayeweza kukagua kazi yako, hata wewe. Tumia `printFormatPreserving`: unatunza mti wa zamani na tokeni zake (vipande vidogo vya msimbo), unafanya kazi kwenye mti ulionakiliwa na `CloningVisitor`, na yeye anagusa palipoguswa tu. Na kama una Xdebug, kiongezi cha PHP cha kusaka makosa, izime wakati wa kazi hii. Kwangu ilikuwa tofauti ya kusubiri na kutosubiri.

Wa Python watauliza. Kwenu moduli ya `ast`, inayogeuza msimbo kuwa mti, inakuja na lugha yenyewe, na tangu 3.9 kuna `ast.unparse`, inayogeuza mti kuwa msimbo. Kwa kusoma ni safi sana. Kwa kuandika upya inapoteza maoni yote ya mwandishi, basi tafuteni LibCST, maktaba inayoyatunza.

Lipo ambalo mti hauwezi kukuambia. Kwenye hesabu za makato palikuwa na mstari huu: `if ($deni == 0)`, yaani asiyedaiwa asikatwe. Deni lilikuwa linatoka kwenye fomu, na asiye na deni kisanduku chake kiliachwa wazi. PHP 7 ilikubali kwamba wazi ni sawa na sifuri. PHP 8 haikubali. Mkulima asiyedaiwa angeingia kwenye tawi la wanaokatwa, na hakuna ukurasa ambao ungelia. Parsa ilinisaidia kwa kiasi chake: niliiambia initafutie kila `==` yenye sifuri upande mmoja, ikaniletea orodha. Kujua ipi ni deni na ipi ni namba ya ukurasa, nilikaa na mama mhasibu mchana mzima, yeye akisoma karatasi za msimu uliopita, mimi nikipitisha wakulima walewale kwenye mfumo mpya. Alikuwa anasoma kiasi kabla sijabonyeza, halafu anangoja kioo kimuunge mkono.

Mzigo wa kwanza ulipoingia ghalani mwezi wa kumi, alinitumia picha ya risiti. Chini akaandika: "Kilo sawa, makato sawa. Jina la chama limekatika herufi ya mwisho." Hiyo ilikuwa ya printa.

Skripti ya ukaguzi bado iko kwenye flashi. Wiki ijayo nakwenda nayo Nachingwea, kuna chama kingine kimepata barua kama ile, na faili nitakazoanza kuzitafuta huko ni zile zenye nodi moja.