Funga ruta zako, usijifungie nje

Nilipokabidhiwa ruta zote, vifaa vinavyoelekeza data za mtandao, za kati ya Goma na Bukavu, nilitaka zifungwe kila upande. Tulitumia OSPF, lugha ambayo ruta za mtandao mmoja huambizana njia: ruta humsalimu jirani yake kila sekunde 10, na jirani akinyamaza sekunde 40 huhesabiwa amekufa, njia zake zikafutwa. Salamu hizo nikazitilia neno la siri. Ruta ya mnara wa Idjwi, kisiwa kilicho ziwani kati ya miji hiyo miwili, nikaiongezea orodha: waingie wenye anwani za ofisi ya Goma tu.

Jioni moja nikabadilisha neno la siri la Idjwi, nikakosea herufi moja. Sekunde 40 zikapita. Ruta yetu ya Goma bado ilifikiana na ya Idjwi kwenye laini yao, lakini orodha ilimkataa yeyote asiyetoka ofisini, na njia ya kurudi ofisini ilikuwa imekwisha kufutwa. Bukavu ikakaa bila intaneti hadi kesho yake, nilipovuka ziwa kwa boti. Mama mmoja wa Kadutu mwenye duka la kutuma pesa alipoteza siku nzima ya kazi. Hilo bado linaniuma.

Sasa kabla ya kuweka kufuli najiuliza: kijana wa zamu ataifungua saa nane usiku? Kunyamazisha OSPF kwenye milango ya wateja ni amri moja, haina ufunguo wa kusahau, na mteja hawezi kukuletea njia za uongo. Anzia hapo. Neno la siri ukilibadilisha, weka jipya kando ya la zamani pande zote mbili, uone majirani wanasalimiana, ndipo ufute la zamani.

Kwenye BGP, lugha ambayo mitandao ya kampuni tofauti hutangaziana njia, usifanye ubahili wa juhudi. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom, ikitaka kuifunga YouTube nchini mwake, ilitangaza 208.65.153.0/24, kipande cha anwani chembamba kuliko /22 ya YouTube yenyewe, na ruta hufuata kipande chembamba zaidi. Tangazo likavuka mipaka, na kwa takriban saa mbili YouTube ikapotea sehemu nyingi za dunia. Neno la siri lisingesaidia kitu: aliyesema uongo alikuwa jirani halali. Kinachosaidia ni kuchuja njia unazopokea, na kusajili ROA, yaani hati zinazosema ni mtandao gani unaruhusiwa kutangaza anwani zako, kwa AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti wa Afrika. Usajili haugusi ruta yako hata kidogo. Hakikisha tu urefu wa kipande ulioandika (ile /22 au /24) unalingana na unaotangaza.

Orodha ya Idjwi nimeiongezea mstari mmoja, anwani ya ruta jirani. Na kila ninapoigusa ruta ya mbali, kwanza naiagiza ijiwashe upya baada ya dakika 10, irudi na mipangilio ya zamani nikijifungia nje, nami sihifadhi chochote mpaka nione bado naingia.