Kabla hujamwita mvivu, mpime usingizi wake

Lalamiko ninaloletewa sana na wazazi wa kidato cha pili na cha tatu ni hili: mtoto aliyekuwa akidamka mwenyewe alipokuwa shule ya msingi, siku hizi haamki mpaka avutwe shuka. Wengine wanalaumu simu, wengine wanasema ni uvivu tu. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya kutwa hapa Dar es Salaam, na kabla ya kushauri lolote huwaomba wampime kwanza.

Kupima huku kuna historia ndefu. Mwaka 1976 watafiti Jim Horne na Olov Östberg walitoa dodoso la maswali 19 la kumtambua mtu wa asubuhi, anayechangamka mapema, na mtu wa usiku, anayechangamka jioni na kuchelewa kulala. Alama zake huanzia 16 hadi 86, na kadiri zinavyopanda ndivyo mtu anavyoelekea asubuhi. Mwaka 1993 Mary Carskadon na wenzake, wakitumia maswali yanayofaa watoto, walionyesha kwamba mwelekeo wa kuchelewa kulala unahusiana na balehe yenyewe. Mwili wa kijana huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouandaa kulala, hivyo saa 3 usiku anakuwa bado macho makavu. Hali hiyo huendelea kusogea mbele hadi karibu miaka 20, kisha hurudi nyuma taratibu.

Shida ya dodoso kwa wanafunzi wetu ni kwamba ukimuuliza kijana angependa kuamka saa ngapi, anakupa jibu analodhani mwalimu analitaka. Kwa hiyo mimi napenda zaidi njia ya mtafiti Till Roenneberg na wenzake wa Munich, Ujerumani. Wao huuliza mtu hupitiwa na usingizi saa ngapi na huamka saa ngapi siku ambayo hakuna anayemwamsha, kisha hutafuta katikati ya usingizi huo.

Mfano ni binti mmoja wa kidato cha tatu. Likizo alikuwa akilala saa 6 usiku na kuamka saa 3 asubuhi. Hizo ni saa 9, na katikati yake ni saa 10 na nusu alfajiri. Shule ilipofunguliwa alilala saa 5 usiku, na simu ikamwamsha saa 10 na nusu alfajiri awahi daladala kabla foleni ya wanafunzi haijajaa kituoni. Hebu angalia hizo namba tena. Kengele inamwamsha dakika ileile ambayo mwili wake ungekuwa katikati ya usiku. Amelala saa 5 na nusu, wakati kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kisha kipindi cha kwanza ni Hisabati.

Ukitaka kumpima wako, usitumie wikiendi. Jumamosi kuna kufua na tuisheni, Jumapili kuna ibada, na watoto wengi wana madrasa. Siku hizo si huru hata kidogo. Subiri likizo, na uache wiki ya kwanza ipite, maana siku hizo analipia usingizi alioukosa muhula mzima. Mwezi wa Ramadhani nao uache, kwa sababu daku hubadilisha kila kitu. Aandike mwenyewe muda aliozima taa, muda anaodhani usingizi ulimchukua na muda alioamka. Na aandike "usiku" au "asubuhi" kila mara, kwa sababu akinakili saa ya simu siku moja na kuandika saa yetu siku ya pili, hesabu yote inaharibika.

Ukiona katikati ya usingizi wake wa likizo na wa siku za shule zinapishana kwa saa 2 au zaidi, acha kumwamsha saa 9 usiku ajisomee. Najua wengi tumelelewa tukiamini kwamba alfajiri ndiyo inayoshika masomo. Kwa kijana wa usiku, saa hiyo unamnyang'anya usingizi na hasomi kitu. Asome jioni akishapumzika. Baada ya saa 3 usiku punguza taa, simu ibaki sebuleni, na asubuhi apate mwanga wa jua mapema, kwa kuwa mwanga ndio unaorudisha saa ya mwili nyuma.

Sehemu nyingine iko mikononi mwa shule. California ilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika 2022, kwamba sekondari zake za juu zisianze masomo kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Kwetu, masomo ya ziada ya alfajiri yanaweza kuhamishiwa alasiri bila kuongeza gharama yoyote. Kikao cha wazazi kijacho njoo na karatasi ya mwanao, uombe jambo hili liingizwe kwenye ajenda.