Piano peke yake inatosha

Mhariri mpendwa,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama muziki usioimbwa unaweza kumgusa mtu sawasawa na wimbo wenye mashairi. Jibu langu ni ndiyo, ingawa siamini kwamba hilo hutokea kwa sababu tu mpigaji amejaa huzuni au furaha. Hutokea kwa sababu ya uamuzi anaoufanya kuhusu sauti yenyewe, yaani msikilizaji amweke karibu kiasi gani na amruhusu asikie nini. Mfano wangu ni Nils Frahm, mpiga piano na mtunzi wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1982.

Ndani ya piano, kila kitufe kinapobonyezwa hurusha nyundo ndogo iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa, nayo hugonga nyuzi na kurudi nyuma papo hapo. Frahm alikuwa akipiga usiku nyumbani kwake Berlin, na kwa kuwa hakutaka kuwasumbua majirani, aliweka kitambaa kizito cha sufu kati ya nyundo na nyuzi. Mlio ulififia, naye akaingiza maikrofoni ndani kabisa ya piano, karibu ziguse nyuzi. Maikrofoni zikiwa hapo, hazinasi noti peke yake: husikika nyundo zikiinuka na kushuka, mbao zikilialia, hata pumzi za mpigaji mwenyewe. Fundi mitambo wa kawaida angeziona sauti hizo kuwa uchafu wa kusafishwa. Frahm aliziacha zibaki, na albamu hiyo, Felt, ikatoka mwaka 2011.

Kwangu mimi, hapo ndipo hisia zilipo. Anayesikia pumzi ya mwenzake amekaribishwa mahali ambapo wageni hawafiki, na hata noti tatu zikipigwa polepole katika hali hiyo huwa na uzito ambao piano kubwa ya ukumbini, ikisikika kutoka safu ya thelathini, huupata kwa taabu.

Sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanaijua bashraf, muziki wa ala tupu unaopigwa mwanzoni mwa onyesho kabla mwimbaji hajasimama, na wanajua kwamba qanuni na fidla huweza kuwatuliza watu na kuwaandaa kabla ubeti wa kwanza haujatamkwa. Mashairi yanapofika hukuta mioyo imekwisha kufunguliwa.

Mwaka 2012 Frahm alivunjika kidole gumba. Alikatazwa kugusa piano, lakini akaendelea kupiga kidogo kidogo kwa vidole tisa vilivyobaki, na kutokana na hali hiyo akatunga vipande tisa alivyowapa wasikilizaji bure kwa jina la Screws, yaani skrubu zilizotiwa kwenye kidole hicho. Cha kwanza kinaitwa You na cha mwisho Me. Saba vilivyo katikati vinaitwa Do, Re, Mi, Fa, Sol, La na Si, majina ambayo mwanakwaya yeyote aliyefundishwa kwa solfa ubaoni atayatambua mara moja, ingawa huenda amezoea kusema ti badala ya si. Ukisikiliza vipande hivyo, husikii mtu anayelalamikia maumivu. Unasikia mtu anayechagua kila noti kwa uangalifu kwa sababu hana za kupoteza, na uangalifu huo ndio unaonigusa mimi zaidi ya ufundi wa vidole vinavyokimbia.

Wapo wanaosema kwamba muziki wa aina hii ni mwepesi mno, na kwamba piano ya taratibu yenye noti chache imekuwa njia rahisi ya kuuza majonzi. Nakubali kwamba waigaji ni wengi, na kazi nyingine za mtindo huu hazina chochote ila utulivu wa juujuu. Hata hivyo uchache wa noti si kosa, mradi kila moja iwe na sababu ya kuwapo.

Kwa msomaji anayetaka kuhakiki ninayoyasema, namshauri aanze na Felt, asikilize kwa spika za masikioni na mahali pasipo na kelele, kwa sababu spika ya simu humeza zile sauti ndogo ninazozizungumzia. Spaces ya mwaka 2013, iliyorekodiwa katika maonyesho ya moja kwa moja na yenye vinanda vya umeme kando ya piano, inafaa kusikilizwa baadaye.